Si kwa Sababu ya Karo

Kadi mliyonipa siku ya kuniaga kazini nimeiweka juu ya kabati, karibu na redio. Keki ilikuwa nzuri, chupa ya chai naitumia kila asubuhi, na aliyechagua ile leso ana macho. Lakini yale maneno ndani ya kadi, "Kwa mama aliyehatarisha maisha yake ili watoto wasome," yananikera kila ninapoyaona. Si kosa lenu. Ni mimi niliyeyasema kwa miaka mingi, nanyi mkayaandika kama mlivyoyasikia. Sasa nimestaafu, hakuna tena wa kunihamisha, basi acheni niwaandikie ukweli.

Vyeo na mishahara sitavitaja. Vinachosha, na habari zangu upande huo ni fupi sana.

Nilianza kazi Uriri nikibeba mchanga. Kampuni ilikuwa inajenga mnara wa simu, kile kitu watu wa huku huita busta, na walitaka akina mama wa kubeba mchanga na maji ya kuchanganyia saruji ya msingi. Msingi ukakauka, vyuma vikaja kwa lori, vikafungwa kimoja juu ya kingine, na sisi wa mchanga tukabaki tukiwapikia mafundi chai. Siku moja kamba ya kuvutia vyuma ikanasa juu, kama futi arobaini hivi. Fundi wa kupanda alikuwa ameenda sokoni kutafuta dawa ya tumbo. Msimamizi, mtu wa Kehancha aliyeitwa Mwita, alisimama chini akiitukana ile kamba kwa lugha mbili. Asubuhi hiyo kulikuwa na baridi, nami nilikuwa nimevaa suruali ya mume wangu ndani ya sketi. Nikavua sketi, nikapanda.

Bila mshipi, bila kofia. Katika hilo msinifuate hata kidogo.

Kamba niliinasua bila taabu, ikaanguka chini. Mimi nikabaki. Nilikuwa naona mabati ya soko la Uriri, miwa, barabara ya kwenda Migori na lori moja likipanda polepole, lakini ukweli ni kwamba sikuwa naangalia chochote. Mikono ilikuwa imeshika chuma, moyo ulikuwa unapiga kwa woga, na mambo mengine yote ndani yangu yalikuwa yamenyamaza. Nilikuwa na watoto watatu na mama mkwe mgonjwa. Nilikuwa sijasikia kimya cha namna hiyo tangu niolewe.

"Wewe mama!" Mwita akapiga kelele. "Kamba imetoka! Sasa bado unafanya nini huko?"

Nikashuka. Alikuwa ananingoja pale chini mikono kiunoni.

"Nimekuuliza, ulibaki huko kufanya nini?"

"Natafuta karo ya watoto, mzee."

Akaniangalia, akaangalia juu, akaniangalia tena. "Kwani karo iko huko juu?" akasema. "Kesho kuja na viatu."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi, na ndivyo nilivyoanza kudanganya.

Wengi wenu si Wajaluo, kwa hiyo nieleze jambo moja. Kwetu mwanamke hapandi paa la nyumba yake. Akipanda, ni kama anamwombea mume wake kifo, na si jambo la mzaha. Habari za mnara zilipofika nyumbani, Odongo, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuja kabla sijavua viatu. Boma lake na letu yanatenganishwa na ua wa mimea ya ojuok tu, kwa hiyo hakutoka mbali. Akaketi, akakataa uji, akamwambia mume wangu kwamba bibi yake anamtafutia jeneza.

Mume wangu, Ouma, alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi. Alifikiri kidogo, kama mtu anayetafuta jibu la swali la mwisho kwenye karatasi.

"Kaka, mila inasema paa," akasema. "Busta haina paa. Nenda uangalie. Ukipata paa pale, nitamwambia ashuke."

Odongo akanigeukia mimi, akaniita kwa jina la binti yangu. "Na wewe, min Atieno, kwani unatafuta nini huko?"

"Karo, shemeji."

Karo ni neno ambalo hakuna mtu katika Migori nzima anayeweza kulipinga. Ukilitaja, watu wanainamisha kichwa kama wamesikia msiba. Nikalitumia hivyo kwa miaka na miaka. Ila nilimwahidi Ouma jambo moja, kwamba paa la nyumba yetu sitalikanyaga. Nikapanda minara kutoka Kehancha mpaka Homa Bay, na kila bati letu lilipolegea tukamwita mpwa wake.

Mwita ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mfupi, mbishi, mchoyo wa sukari kiasi kwamba alitembea na yake mwenyewe kwenye karatasi mfukoni. Mkono wake wa kushoto haukuwa na vidole viwili vya mwisho. Kabla ya minara alikuwa mpagazi kule Mlima Kenya, akiwabebea wapanda milima mahema na sufuria, na kila mtu alijua kwamba baridi ya huko ndiyo iliyomla vidole, akiwa chini ya mzigo wa wageni. Hakupenda kuulizwa.

Mafunzo yake mnayajua, kwa sababu nimewaimbia hayo hayo. Mshipi una ndoano mbili. Moja haifunguliwi mpaka nyingine iwe imeshika chuma, na unasema kwa sauti, "Imeshika," hata kama uko peke yako na unajiona mjinga. Unaangalia juu kabla ya kupanda, maana nyuki wanapenda minara kuliko sisi. Kila spana inafungwa kamba. Homa Bay, wale wadudu wa ziwani wakiinuka kama moshi, unafunga mdomo, unafunga macho na unangoja wapite. Usijaribu kuwapiga kwa mkono, utahitaji huo mkono. Na wingu likianza kusimama juu ya ziwa baada ya chakula cha mchana, unashuka, hata kama umebakiza boliti moja. Nilimwona Mwita akimfukuza mtu kazi kwa sababu ya hiyo boliti moja.

Wakati wa chai mafundi walizoea kusoma gazeti la jana. Mara kwa mara kulikuwa na habari ya watu waliokufa kwenye milima mikubwa ya ng'ambo, kwenye theluji, wamelipa pesa zao wenyewe kwenda kufa. Okello ndiye aliyesoma kwa sauti. Alikuwa kijana wa Homa Bay, tulipanda pamoja miaka mitano, mtu wa nguvu na wa kucheka.

"Hawa wameshiba mpaka wamerukwa na akili," alikuwa akisema. "Mimi nikikufa juu ya busta, watu watasema maskini, alikuwa anatafuta riziki. Huyu hata hakuwa anatafuta!"

Sote tulicheka, mimi nikiwa wa kwanza. Mwita alikoroga chai yake tu.

Sasa nifikie siku ya Okello. Ilikuwa kwenye kilima kimoja nje ya mji wa Homa Bay, asubuhi tulivu, tunakwenda kubadilisha taa nyekundu ya juu. Kulikuwa na soko la Jumatano hapo chini na watu walikuwa wamejaa kwenye ua wa waya kutuangalia. Nilitangulia mimi. Okello alikuwa nyuma yangu kama hatua kumi, na wale watu wakaanza.

"Okello, yawa! Mama anakushinda!"

"Mama Atieno, mngoje mtoto!"

Nilimsikia anacheka. Kisha nikamsikia amenyamaza, na viatu vyake vikaanza kwenda haraka. Alitaka kunipita. Ili unipite pale lazima uzunguke upande wa nje wa mnara, na ukizunguka kwa kufuata ndoano, unachelewa. Nikaangalia chini ya mkono wangu nikaona ndoano zake zote mbili zinaning'inia.

"Okello, funga!" nikasema. Aliinua uso, akitabasamu, na mguu ukateleza.

Hakufika chini. Aliangukia jukwaa la kupumzikia, paja likavunjika, akalala pale akiita mama yake kwa Kijaluo. Niliteremka kwake. Imeshika, imeshika, imeshika, nilikuwa nasema kwa sauti kubwa kuliko siku zote. Nikamfunga kwenye mshipi wangu wa akiba, Mwita akashika kamba ya kapi kule chini kwa ule mkono wake wa vidole vitatu, tukamshusha taratibu. Daktari alisema atatembea, ila hatapanda tena.

Kabla jua halijazama, habari ilikuwa imeshapata umbo lake: Okello ameanguka kwa sababu mwanamke alipanda mbele yake. Ofisi ikaniambia nisiguse mnara wowote mpaka kikao. Siku ya kikao Odongo alikuwa ameshafika Homa Bay kwa basi la kwanza. Hakuna aliyemwalika. Alivaa koti.

Kikao kilikuwa saa nne. Saa mbili Mwita alinipeleka kwenye kihoteli kimoja karibu na stendi, akaagiza chai na mandazi, akatoa ile sukari yake ya mfukoni. Akaiweka mbele yangu. Hapo nikajua mambo ni mabaya.

"Watakuuliza kwa nini unapanda," akasema. "Utasema nini?"

"Karo."

"Mama, hapa tuko wawili. Nilikuona Uriri. Kamba ilikuwa imetoka."

Akauweka ule mkono wa kushoto juu ya meza. Kwa kawaida aliuficha.

"Mimi nilibeba mizigo miaka mitano kule mlimani," akasema. "Mpagazi hafiki juu, unajua? Anafika kambini, anaweka hema, anapika. Wageni wanapanda, wanarudi na midomo imepasuka, wengine wanalia, wengine hawawezi hata kufunga kamba za viatu. Mmoja aliugua kwa hewa ya juu nusura afe, na kabla hajafika hospitali anauliza ni lini anaweza kurudi. Nikasema hawa ni wazimu. Miaka mitano nasema ni wazimu. Halafu nikapata likizo. Badala ya kuja nyumbani Kehancha, nikapanda peke yangu. Bila mzigo, bila mtu, bila malipo ya hata shilingi."

"Ukafika?"

"Nikafika. Nikavua glavu."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kushika hilo jiwe. Siku zote mkono ulikuwa na kitu cha mtu mwingine. Upepo ukachukua glavu." Akaangalia pale vidole vilipokuwa. "Nilifika nyumbani, mama yangu akalia, akawalaani wazungu na mizigo yao. Ningemwambia nini? Kwamba nilikwenda kutembea? Nikamwacha alie. Mpaka leo kijiji kizima kinanionea huruma."

"Na ungejua utapoteza vidole?"

"Ningefunga hiyo glavu na kamba," akasema, kwa hasira kabisa. "Lakini kwenda, ningeenda." Kisha akarudisha sukari mfukoni. "Hii usiseme mpaka nizikwe."

Ofisini tulikuwa watano: meneja, afisa wa usalama, Mwita, mimi, na Odongo kwenye kiti cha mlangoni na koti lake. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alizungumza nami kwa upole, na upole wake ulinitisha kuliko ukali.

"Mama, sisi tunaelewa shida yako. Una watoto, kuna karo. Hakuna mtu anataka kukufukuza. Kuna nafasi stoo. Mshahara ni uleule. Utakaa chini na vifaa vyako, utakuwa salama, watoto watasoma. Hakuna kupanda tena."

"Ero kamano, asante, meneja!" Odongo akapiga makofi. "Huyo ni mtu anafikiria!"

Wakanigeukia wote, wakingoja niseme asante. Na kweli, kama ni karo, nilipaswa kusema asante na kupiga magoti. Uongo wangu ulikuwa umenifikisha kwenye mlango wa stoo na ulikuwa unanifungulia. Niliziona zile rafu, makopo ya rangi, madirisha ya juu juu yenye nyavu. Niliona miaka yangu yote mle ndani. Nilikuwa na hofu kuliko siku nilipomwona Okello akiteleza.

"Si karo," nikasema.

Meneja akaacha kuandika.

"Karo ipo, na nitailipa. Lakini kubeba mchanga pia kungelipa karo. Mimi napanda kwa sababu napenda kupanda."

Afisa wa usalama akacheka, akadhani ni mzaha. Alipoona Mwita hacheki, akaacha.

"Nina watoto wanne sasa," nikaendelea. "Nawapenda kuliko mnavyodhani. Najua naweza kuwaacha yatima. Kila asubuhi najua. Na bado napenda. Kuna watu wanavuka bahari kuja kupanda mlima wetu, wanasifiwa kuwa ni mashujaa, hakuna anayewauliza karo. Mimi kwa sababu ni mama wa Uriri, lazima niwe na shida ndiyo niruhusiwe? Mkitaka kunizuia, nizuieni kwa kosa. Nionyesheni ndoano niliyoifungua mimi."

Odongo alikuwa ameshika mdomo.

"Mama," meneja akasema mwishowe, "hii siwezi kuandika kwa ripoti."

"Basi usiandike."

Ningependa kuwaambia kwamba maneno yangu yaliwashinda. Hayakushinda. Walinipeleka stoo, nikapanga makopo ya rangi wiki tatu. Kisha radi ikapiga mnara mmoja upande wa Kehancha, Okello alikuwa na chuma kwenye paja, na wakagundua kwamba hawana mtu mwingine wa kupanda. Meneja alipiga simu mwenyewe. Hakutaja kikao, nami sikumkumbusha.

Lakini kabla ya hayo, siku ileile ya kikao, nilirudi nyumbani. Odongo alikuwa amenitangulia na alikuwa ameshaondoka. Ouma alikuwa mezani anasahihisha madaftari.

"Nimesikia si karo," akasema bila kuinua kichwa.

"Si karo."

Akasahihisha madaftari matatu. "Nilijua tangu ile siku ya kwanza. Ulirudi ukiimba."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, Odongo angesikia." Kisha akaweka kalamu chini, na hapo ndipo niliona kwamba macho yake yamekuwa mekundu. "Min Atieno, siku ukipanda mimi siwezi kufundisha. Nawapa watoto zoezi, halafu nahesabu dakika mpaka saa kumi. Siwezi kuja kukuangalia, nitaanguka mimi. Siombi uache. Nataka tu ujue kuna mtu anahesabu."

Nililia siku hiyo. Haya ndiyo ambayo wanaowasifu wapanda milima hawayasemi, kwamba unachokipenda wewe huko juu, kuna mtu chini anakilipia. Nilijua hilo tangu siku hiyo, nikapanda miaka mingine kumi na sita. Sitaomba msamaha. Nilichoweza kumpa Ouma ni kusema "imeshika" kila mara, bila kuruka hata moja, na kumpigia simu nikifika chini kabla sijavua kofia. Nyinyi mlikuwa mnanicheka kwa ile simu.

Mwita tulimzika mwaka juzi. Umati ulikuwa mkubwa. Walisoma historia yake kwa kipaza sauti, na walipofika kwenye vidole wakasema alivipoteza akiwa chini ya mzigo, akiwatafutia wanawe chakula. Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Nilikaa pale nikiuma ulimi, nikatamani kusimama na kusema hapana, siku hiyo hakuwa amebeba kitu, siku hiyo alikuwa na furaha. Sikusimama, kwa sababu alikuwa bado hajafukiwa, na yeye alisema mpaka azikwe. Sasa amezikwa, na nimesema.

Kwa hiyo nyinyi mnaopanda kwa ajili ya karo, pandeni, hakuna aibu. Lakini yule mmoja kati yenu ambaye hubaki juu baada ya kazi kwisha, ninayemjua na anayejijua, asijifiche nyuma ya watoto wake kama nilivyojificha mimi. Na afunge ndoano.

Mwezi uliopita upepo uliinua bati la nyumba yetu. Mpwa wa Ouma alikuja Jumanne, akapiga misumari, akaacha ngazi imeegemea ukuta. Jumatano asubuhi nilikunywa chai ya chupa yenu, nikavaa viatu vya kazi. Ouma alikuwa kwenye kiti chake nje, na redio.

"Bati si limerekebishwa?" akauliza.

"Limerekebishwa."

"Halivuji?"

"Halivuji."

Aliniangalia nikifunga kamba za viatu, cha kushoto, kisha cha kulia. Akazima redio. Akainuka taratibu, maana goti linamsumbua, akaja akashika ngazi kwa mikono yote miwili.

"Nina miaka sabini na mbili," akasema. "Kama hiyo mila inanitaka, imechelewa. Panda polepole."

Nilikuwa katikati ya ngazi Odongo aliponiona kutoka ng'ambo ya ua.

"Yawa! Ouma! Bibi yako anapanda nyumba! Kwani kuna nini huko juu?"

Nilishika ukingo wa bati, nikaangalia chini. Mume wangu, ambaye kwa miaka yote ile hakuwahi kuja kuniona nikipanda, alikuwa ameinua uso ananitazama, na hakuwa anahesabu.

"Hakuna kitu," akamjibu kaka yake. "Anapanda tu."